Hakuna Badiliko: Miaka Yangu kwenye Maji Moto ya Kyamuliro

Juzi walinijia vijana wawili hapa nyumbani kwangu Kanoni, viatu vinang'aa, nywele zimechanwa njia katikati. Wakatoa shikamoo ya mbio mbio, halafu mmoja akauliza, "Mzee Zakaria, hivi kazi ya kupima maji moto ina ugumu gani?" Wamesikia ofisi ya Serikali inatafuta mtu wa kukaa Kyamuliro, na wao wamesoma, basi wanaona ni kazi ya kukaa kivulini na kalamu. Nikawaambia wakae chini tuzungumze. Wakatazama nyasi nilizotandika sebuleni, wakatazama suruali zao, wakasema watasimama. Mtu anayeogopa nyasi safi za sebuleni kwangu ndiye atakayepiga magoti kwenye tope la moto? Thubutu! Niliwapa ndizi mbili mbili wakaenda zao.

Lakini waliniacha nimechokozeka, na nikichokozeka huwa sinyamazi. Kwa hiyo haya nawaambia ninyi nyote mnaotaka kazi hiyo, wenye viatu na wasio navyo. Nilipima maji ya Kyamuliro tangu nikiwa kijana asiye na ndevu mpaka goti hili likakataa kushuka bondeni. Watu wa huko waliniita Bwana Joto. Wengine waliniita hivyo kwa heshima, wengi kwa kunicheka.

Kyamuliro ni bonde dogo upande wa Kyerwa, ukiwa umeiacha Nkwenda unateremka kuelekea Mto Kagera. Maji yanatoka chini ya mwamba yakiwa na moto wa kukubabua mkono, yanaingia kwenye madimbwi matatu ambako wagonjwa wanaoga. Walikuja kutoka kila upande, wengine wakivuka Murongo kutoka Uganda, wenye viungo vinavyouma, wenye upele, wanawake wanaotafuta watoto. Wanajenga vibanda vya nyasi, wanakaa siku saba, wanaoga, wanakunywa, wanarudi kwao. Chini ya madimbwi, mkono wa kushoto, kuna shimo pana lenye nyasi, umbo lake kama bakuli. Huko hakuna maji. Kuna kitu kingine, nitakifikia.

Kazi hiyo ilianzishwa na Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu. Alitumwa baada ya ardhi kutikisika, aje aone kama chini yetu kuna moto kama ule wa milima ya upande wa Rwanda. Alikaa siku tisa. Alijua kila kitu yule bwana, hakuuliza njia wala hakuuliza jina la mti. Siku ya tatu tukamwambia, bwana, usikanyage lile ganda jeupe pembeni ya maji, hiyo si ardhi, chini yake ni tope la moto. Akacheka. Akakanyaga. Tulimvuta wanaume wanne akapiga kelele mpaka wagonjwa wakasahau magonjwa yao. Mguu ulitoka umebabuka, buti likabaki, na liko huko mpaka leo. Ninyi mkienda, gongeni kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Mkisikia mlio wa mtungi mtupu, zungukeni.

Alituachia kipimajoto, ubao wenye pengo wa kupimia maji yanayotoka, na kitabu kikubwa chenye mistari. Mtu wa kwanza kukabidhiwa kitabu hicho hakuwa mimi. Alikuwa bwana mmoja mpenda rubisi, pombe yetu ya ndizi, na siku nilipokipokea kwake nilikuta mwezi mzima umeandikwa kwa wino mmoja, kwa mkono mmoja, joto lile lile siku zote thelathini. Alipima akiwa kilabuni! Nilimdharau sana mtu yule. Nilisema mbele za watu kwamba afadhali mwizi wa mbuzi.

Sasa sikilizeni namna ya kupima, maana ofisini hawatawaambia, hawajui. Kipimajoto kinasomwa kikiwa ndani ya maji. Ndani! Ukikitoa ili ukione vizuri, zebaki inashuka kabla hujakodoa macho. Pima mahali pale pale, saa ile ile, pale maji yanapotoka mwambani, si pale mama fulani anapomwogesha mtoto. Safisha pengo la ubao kila asubuhi, kwa sababu wagonjwa wanatupa humo nyasi na maganda ya ndizi, nawe utaandika kwamba chemchemi imekauka kumbe limeziba ganda. Mvua ikinyesha joto litashuka kidogo, usikimbilie kuandika barua ya kutisha wakubwa. Na yale maji yaonje kila siku. Ndiyo, kwa ulimi! Ladha ilibadilika mara mbili katika miaka yangu yote, na mara zote mbili ulimi ulijua kabla ya kipimajoto.

Mwalimu wangu wa kweli hakuwa Mzungu. Alikuwa Ma Kokugonza, mama mjane aliyekuwa mlinzi wa bonde lile kama mama yake na bibi yake kabla yake. Mfupi, mkali, amejifunga lubugo, nguo ya gome la mti, wakati wenzake wote wameshahamia kwenye vitambaa vya dukani. Asubuhi ya kwanza aliniona nimesimama na kipimajoto changu, akaniuliza nafanya nini.

"Napima joto, Ma."

"Joto limemuua nani?"

Akanishika mkono akanipeleka ukingoni mwa lile shimo la kushoto. Akawasha tita la majani makavu ya migomba, akalifunga kwenye mti mrefu, akalishusha polepole. Moto ulikuwa unawaka vizuri kabisa, hakuna upepo. Ulipofika karibu na nyasi za chini, ukazimika ghafla. Moshi haukupanda, ulitambaa tu kwa chini.

"Ardhi inapumua," akasema. "Pumzi yake ni nzito, inakaa chini. Jua likichomoza na upepo ukija inaondoka. Asubuhi ya baridi isiyo na upepo inajaa. Leo imefika gotini. Ukipita umesimama, unapita. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, tunakuzika."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila asubuhi alishusha moto wake, halafu akakaa njiani na kutangaza: leo kisigino, leo goti. Ikiwa goti, hapiti mtoto wala mbuzi. Na kwa kuwa njia ya mkato ya kwenda mtoni inapita mle shimoni, watu walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza mchungaji.

Mimi nilivimba kichwa. Nilikuwa nimebatizwa, nimesoma madarasa manne, nina kitabu cha serikali. Nilimwona bibi wa ushirikina. Lakini moto wake ulikuwa unazimika kweli, hata mimi niliona, na kitabuni hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo. Palikuwa na safu ya joto, safu ya maji, na safu ya maelezo ambayo karani aliniagiza niandike maneno mawili tu, "hakuna badiliko", isipokuwa namba zikibadilika. Basi nikaanza kuandika pembeni kwa penseli: kisigino. Goti. Kisigino.

Huyo karani lazima mmjue. Bwana Deogratias, mtu wa Bukoba mjini, koti hata kwenye jua la saa saba. Alikuja mara moja kwa mwezi kwa baiskeli, akaiegesha juu kabisa ukingoni, akaniita kutoka huko kama anaita mbuzi. Miaka yote hiyo hakushuka mpaka kwenye maji hata siku moja, akisema harufu ya mayai mabovu inamharibia chakula. Sisi Wanyambo alituona watu wa porini tuliojua ndizi tu. Na kitabu alikipenda! Alikifungua kama padri anavyofungua misale, akahesabu mistari, akatazama kama wino haukumwagika. Namba zenyewe hakuwahi kuniuliza zina maana gani.

Siku alipoona penseli yangu alishtuka. "Hii nini? Goti?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme, halafu akacheka mpaka akavua kofia.

"Zakaria, Serikali inapima kwa digrii. Haipimi kwa magoti na viuno vya wanawake. Futa."

"Lakini moto unazimika, bwana."

"Futa. Unataka kupandishwa cheo au unataka kuwa mganga?"

Nikafuta. Nilitumia sehemu laini ya mkate aliokuja nao mwenyewe kama chakula cha njiani, nikasugua kurasa zote mpaka zikawa safi. Nilitaka kupandishwa cheo, ndiyo. Nilikuwa nimeshaposa.

Nilimuoa Asteria, binti wa mkulima mmoja wa kahawa kule Nkwenda. Alikuwa mrefu kunizidi na alinitania kwa hilo mchana kutwa. Alinikuta navaa kaptula ya kaki ya ofisi, akaniuliza kama maji moto ndiyo yaliyoikausha ikawa fupi vile. Alijua kunicheka, na mimi nilijua kumkasirikia kwa dakika mbili halafu nacheka. Tulikaa kwenye nyumba ya ofisi juu ya bonde, vyumba viwili na migomba sita.

Kabla ya msimu wa senene, wale panzi tunaowala, mwaka ule, ardhi ikatikisika tena. Haikuwa kubwa. Vyungu viligongana, mbwa wakabweka, basi. Nikashuka na kipimajoto. Joto lile lile. Maji yale yale. Nikaandika hakuna badiliko. Ma Kokugonza alikuja kunitafuta mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tangu itikisike moto wangu unazimika kiunoni," akasema. "Kiunoni, Zakaria! Mama yangu hakupata kuona kiuno."

Tena safari hii alikuwa anawazuia watu wote wasipite mle, hata wagonjwa wenye haraka, na baadhi yao wakaogopa wakafunga mizigo yao wakarudi kwao. Habari zikafika kwa karani. Akaja, akasimama na baiskeli yake kule juu, akaniagiza: yule bibi aache kutisha watu, asionekane tena njiani na moto wake, kipimo cha Serikali kinasema bonde ni salama. Mimi ndiye niliyepeleka agizo hilo. Nilijua lina makosa. Nilikuwa nimeuona moto ukizimika kwa macho yangu mawili. Nikamfikishia hata hivyo, tena kwa sauti ya ofisi, mikono nyuma.

Alinitazama, hakukasirika hata kidogo. "Sawa mwanangu. Basi pima wewe," akasema, akachukua mti wake akavuka kijito kwenda kwake.

Vijana, ningeweza kushusha moto mwenyewe. Tita la majani makavu, mti mrefu, kazi ya dakika tano. Sikushusha. Niliona aibu wagonjwa wasije wakamwambia karani kwamba Bwana Joto naye amekuwa bibi wa moto. Aibu tu, hakuna zaidi!

Senene wakaja. Kama hukuzaliwa kwetu hutaelewa wazimu wa majuma yale. Wanaanguka kama mvua, asubuhi ya baridi wamelowa umande hawawezi kuruka, watu wanatoka na vikapu alfajiri. Na kwetu kuna desturi: mke mpya hukusanya senene wa kwanza kwa mikono yake, awachambue, awakange, ampe mumewe, na mume ampe nguo mpya. Mwanamke mwenyewe hata hakuruhusiwa kuwala wakati huo. Akusanye yeye, tule sisi. Tulijipangia vizuri wanaume!

Jioni moja Asteria alirudi kutoka kisimani amechangamka. "Wanawake wanasema lile shimo chini ya madimbwi limejaa senene, wamelala tu kwenye nyasi hawaruki hata jua likitoka. Ni kuzoa kama maharage! Lakini wanaogopa kushuka, wanasema Ma Kokugonza alikataza. Wewe unasemaje?"

Senene waliolala jua likiwa limetoka. Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo. Mimi nilikuwa nakula. Na mke wangu ameniuliza mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto, ameniuliza kama mtaalamu.

"Anayepima ni mimi au ni yule bibi?" nikasema. "Hakuna badiliko."

"Haya, Bwana Joto," akasema akicheka. "Andaa nguo yangu basi."

Asubuhi niliamka nikakuta ameshatoka. Ukungu umetulia bondeni, hakuna jani linalotikisika. Nikanyoa ndevu. Nikanywa uji. Nikachukua kipimajoto na kitabu, nikashuka kwa saa yangu ile ile, maana saa nilikuwa siikosei. Nilipofika penye madimbwi nikatazama kushoto.

Alikuwa amelala kifudifudi katikati ya shimo, kikapu pembeni yake kimejaa pomoni. Alikuwa ameinama. Kazi yenyewe ni ya kuinama.

Nilipiga kelele nikaanza kukimbia kuteremka. Kitu kikanidaka shati kwa nyuma nikaangukia matako. Ma Kokugonza. Alikuwa amevuka kijito alipoona kikapu kikishuka, ila miguu ya mzee ina mwendo wake. Akanizaba kofi. "Simama wima! Vuta pumzi, ibane. Usiiname, mshike mguu, si mkono. Ukitaka kupumua toka kwanza, mwache." Nikaingia. Kiunoni hewa ilikuwa na uvuguvugu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nilimnasa kisigino kwa panda ya mti mrefu wa Ma Kokugonza, nikakiinua, nikakishika, nikavuta, nikatoka kupumua, nikarudi. Mara tatu. Ya tatu tukamfikisha ukingoni.

Hakuwa na jeraha. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mtu angesema amelala baada ya kucheka. Ma Kokugonza alimkandamiza kifua, akamwagia maji, akamwita kwa jina. Mimi nilikaa pale nimeshika kisigino chake. Senene walikuwa wametapakaa mgongoni mwake, wamekufa wote, nikaanza kuwatoa mmoja mmoja. Mawe, mama yangu! Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Niliwatoa mmoja mmoja mpaka wanaume wakaja na machela.

Ndugu zake wa Nkwenda hawakunilaumu. Waliambiwa ni hewa mbaya na mapenzi ya Mungu, na hakuna aliyewaambia kwamba aliuliza kwanza. Yule jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto alinitazama sana pale makaburini.

Miaka yote iliyofuata nilishusha moto kila siku kabla ya kugusa kipimajoto. Nilimrudisha Ma Kokugonza njiani, na alipokufa nilikaa mimi palepale alipokuwa akikaa, na nikatangaza kisigino, goti, kiuno kwa sauti ya juu mbele ya mtu yeyote, karani akipenda asipende. Nilizungushia shimo uzio wa miti ya miiba. Nina daftari langu mwenyewe la vipimo hivyo, liko hapa ndani, na atakayechukua kazi ile aje alichukue, akubali kukaa kwenye nyasi tu. Hewa ile haina rangi, haina harufu, yale mayai mabovu mnayosikia ni ya maji. Mende, panya na ndege wakifa mahali pa chini, msitafute sumu ya mtu. Msipeleke watoto. Msilaze mgonjwa bondeni. Mkiona chakula kimelala chini kinawasubiri, jiulizeni kimelazwa na nini.

Hayo ndiyo ya kazi. Lakini msiondoke mkidhani nawasimulia habari za karani mpumbavu.

Siku ya nne baada ya kifo cha Asteria, Bwana Deogratias alikuja. Alivua kofia, akatoa pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu safari ile aliiacha baiskeli akaja mpaka mlangoni. Akakaa. Akanywa maji. Halafu akafungua mkoba akatoa kitabu, kilikuwa kimebaki penye madimbwi, wagonjwa wakakiokota wakampelekea.

"Zakaria, mkaguzi anakuja wiki ijayo. Kuna siku nne hazina namba."

"Nilikuwa nazika, bwana."

"Najua. Jaza tu."

"Nijaze nini?"

"Ile ile."

Alinipa kalamu yake mwenyewe, ya wino mzuri. Nikakiweka kitabu juu ya goti. Nikaijaza siku ya kwanza, siku aliyokufa mke wangu, joto ambalo sikulipima na maji ambayo sikuyapima, na kwenye safu ya maelezo nikaandika hakuna badiliko. Nikashuka mstari, nikaandika tena, mpaka zikatimia nne. Karani akapuliza wino ukauke, akasema nina mwandiko mzuri kuliko wote wa wilayani, nami nikamwambia asante.